Lango Moja kati ya Ofisi na Mwalo: Namna ya Kuunganisha Mifumo ya Kampuni na Simu za Mkononi

Tuchukue kampuni inayonunua sangara visiwani na kuwafikisha kiwandani Mwanza. Ofisini Kirumba kuna programu ya uhasibu kwenye kompyuta ya mezani. Chumba cha baridi kina mfumo wake wa stoo. Ratiba za boti na mafuta zinaandikwa kwenye Excel, na mikataba ya mawakala imo kwenye programu nyingine kabisa. Sasa mkurugenzi anataka karani wa mizani kule Ukara apokee mzigo kwa simu, tajiri wa mitumbwi aone malipo yake akiwa nyumbani, na dereva wa gari la barafu ajue anakwenda mwalo gani, yaani mahali gani samaki wanaposhushwa.

Wengi hukimbilia kuunganisha kila programu ya simu na kila mfumo moja kwa moja. Programu tatu za simu kwa mifumo minne ni viungo kumi na viwili, kila kimoja na neno lake la siri na namna yake ya kuharibika. Uhasibu ukibadilishwa, programu zote tatu zinaandikwa upya. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: simu zote zinaongea na lango moja tu, yaani programu moja ya kati, na lango ndilo linaloijua mifumo. Serikali inafanya hivyo kwenye makusanyo yake. GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, inakaa katikati, taasisi za umma upande huu, mabenki na mitandao ya simu upande ule, ndiyo maana kontrolo namba unailipia kwa njia zilezile bila kujali taasisi iliyoitoa. Kampuni yenye wafanyakazi thelathini inaweza kujenga kitu cha umbo hilo kwa kimo chake.

Hatua ya 1: Anzia mwaloni

Kabla ya kugusa seva, kaa na karani wa mizani kuanzia boti za kwanza zinapoingia hadi mzigo unapopakiwa. Andika kila swali analoulizwa, kwa maneno ya muulizaji. "Karani, mzigo wangu wa jana ulitoka kilo ngapi?" "Hela imeshatumwa?" "Bei ya leo ikoje?" "Barafu inafika saa ngapi?" Kisha rudi ofisini ufanye vilevile kwa mhasibu na mtunza stoo.

Maswali hayo ndiyo kiolesura chako, yaani orodha ya maombi ambayo simu inaweza kulipa lango. Utaona yanazunguka kwenye vitu vichache: mpimo, bei, malipo, safari, muuzaji. Yape majina hayohayo. Kosa linaloonekana sana ni kuchukua majedwali ya programu ya uhasibu na kuyapeleka kwenye simu kama yalivyo, na majina yake ya mkato yanayoeleweka na aliyeyatunga peke yake. Ukifanya hivyo, umeifunga programu ya simu kwenye mfumo ambao huenda miaka miwili ijayo hautakuwepo. Jina "mpimo" litaendelea kuwa na maana hata uhasibu ukihamia kwingine.

Toleo la kwanza lisizidi maombi kumi. Kama mkurugenzi ana orodha ya arobaini, mwombe achague yale ambayo yakikosekana kazi inasimama.

Hatua ya 2: Amua kila taarifa inamilikiwa na mfumo gani

Chora jedwali: upande mmoja taarifa, upande wa pili mfumo wenye kauli ya mwisho. Jina la muuzaji liko kwenye mikataba, uhasibu na daftari la karani. Likitofautiana, la nani linafuatwa? Jibu moja tu linaruhusiwa, na lazima likubaliwe na watu, kwa sababu programu haiwezi kusuluhisha idara mbili.

Uzito unahitaji uangalifu wa pekee. Samaki aliyepimwa mwaloni akiwa ametoka majini hana uzito uleule akifika kiwandani baada ya saa kadhaa kwenye barafu. Mfumo wa stoo utaandika namba yake, mwaloni namba yake, na zote mbili ni za kweli. Zihifadhi kama taarifa mbili, "uzito wa mwaloni" na "uzito wa kupokelewa". Ukiruhusu moja ifute nyingine, mvuvi ataona kilo zake zimepungua kwenye simu baada ya kuwa ameshakubaliana, na hapo hutamshawishi tena kuiamini hiyo programu.

Hatua ya 3: Kubaliana kuhusu namba, saa na hela

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini hapa ndipo mifumo mingi inapokosana.

Muuzaji apewe namba ya kampuni isiyobadilika. Usimtambue kwa namba ya simu. Laini zinapotea, mke na mume wanatumia simu moja, na namba iliyoachwa hurudishwa sokoni ikapewa mtu mwingine. Namba ya simu ihifadhiwe kama anwani ya kumtumia hela tu, kwa umbo moja lenye 255 mbele, maana karani mmoja ataandika kwa kuanza na 0, mwingine na +255, na mfumo utadhani ni watu wawili. Usibashiri mtandao kwa tarakimu za mwanzo pia: tangu Machi 2017 mteja nchini anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile.

Saa zina mtego wake. Karani akiandika "saa 2", anamaanisha saa mbili asubuhi, na kompyuta inaelewa saa nane usiku. Simu ijiandikie muda yenyewe, kwa umbo la kimataifa lenye tofauti ya saa mwishoni, na skrini ndiyo iutafsiri kuwa "saa 1:40 asubuhi". Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko +03:00, kwa hiyo ziwani hutaona tatizo. Litajitokeza siku dereva wa lori la dagaa atakapovuka kwenda Rwanda au Kongo mashariki, ambako simu yake itarudi nyuma saa moja. Kama +03:00 au +02:00 imeandikwa, lango litaelewa.

Hela iwe shilingi kamili, na uzito uwe gramu kamili. Kompyuta hufanya hesabu za desimali kwa kukadiria. Kwenye lugha nyingi za programu, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 safi. Kwa mzigo mmoja haionekani, ila mwisho wa mwezi mhasibu atatafuta shilingi zisizojulikana zilikotoka.

Hatua ya 4: Andika mkataba kabla ya programu

Mkataba ni maandishi yanayosema ombi linafananaje, jibu linafananaje na makosa gani yanawezekana. Tumia OpenAPI, muundo unaotumiwa na wengi kuandika mikataba ya aina hii, kwa sababu zana nyingi zinausoma na zitakutengenezea hata seva ya majaribio. Kwa njia hiyo, mtengenezaji wa programu ya simu anaanza kazi bila kusubiri wa upande wa ofisi. Ombi la kuandikisha mpimo linaweza kuwa hivi:

```
POST /v1/mapimo
{
  "namba_ombi": "7f3c1e0a-5b52-4c1e-9d0e-2a6b8f41c9d3",
  "mwalo": "UKR-02",
  "muuzaji": "MZ-00418",
  "aina": "sangara",
  "gramu": 142500,
  "orodha_ya_bei": "2025-08-14-A",
  "muda_wa_kupima": "2025-08-14T07:40:00+03:00"
}
```

Tazama kwamba simu haitumi bei. Inataja orodha ya bei iliyokuwa kwenye skrini wakati wa kupima, na lango linatafuta bei yenyewe. Hivyo karani hawezi kupandisha bei kwa kuichezea simu, na ofisi haiwezi kuibadilisha bei ambayo mvuvi alishakubali.

Makosa nayo yaandikwe kwa Kiswahili cha mtu wa kazini. "Muuzaji huyu hajasajiliwa, piga simu ofisini" inamsaidia karani. "Kosa 422" haimsaidii. Tuma vyote viwili: namba kwa ajili ya programu, sentensi kwa ajili ya mtu.

Hatua ya 5: Simamisha lango

Usinunue mtambo mkubwa. Kwa kampuni tunayoizungumzia, seva ndogo kwenye wingu inayoendesha NGINX (programu ya kupokea maombi ya wavuti) mbele, huduma moja uliyoiandika mwenyewe na kanzidata ya PostgreSQL inatosha kuanzia. Kong au APISIX, ambazo ni programu za lango zilizo tayari, fikiria baadaye, huduma za nyuma zikishakuwa nyingi. Nimeona timu za watu wawili zikimaliza nguvu zote kuhudumia mtambo wa lango, kazi yenyewe ikabaki.

Lango likae kwenye wingu, mifumo ibaki ofisini, na kati yao pawe na njia ya siri ya VPN. Mpangilio huo una faida kubwa kwetu: umeme ukikatika Kirumba, lango linaendelea kupokea mapimo kutoka visiwani na kuyapanga kwenye foleni. Kompyuta ya ofisi ikiwaka, foleni inamiminwa.

Kwa kila mfumo wa nyuma andika adapta yake, kipande kidogo cha programu kinachotafsiri "mpimo" kwenda kwenye lugha ya mfumo huo. Mfumo wa stoo wenye API, yaani njia rasmi ya programu nyingine kuuliza na kuandika, ni kazi nyepesi. Programu ya zamani ya uhasibu isiyo na API ni kazi nzito, na hapa watu hupata kishawishi cha kuandika moja kwa moja ndani ya kanzidata yake. Usifanye hivyo. Programu ile ina kanuni zake za kuandika leja ambazo hazionekani kwenye majedwali, na ukizikiuka, hesabu zitapishana bila kosa lolote kuonekana. Soma kutoka kwenye kanzidata kwa akaunti isiyoweza kuandika. Kuandika pitia njia ambayo programu yenyewe inatoa, hata kama ni faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) linaloingizwa mara mbili kwa siku. Mhasibu atakushukuru.

Hatua ya 6: Jenga kwa ajili ya mtandao wa ziwani

Ukisoma hatua moja tu kwa makini, iwe hii.

Mtandao ziwani haukatiki kwa adabu. Picha ni hii: karani anabonyeza "Tuma". Ombi linafika kwenye lango, mpimo unaandikwa, jibu linaanza safari ya kurudi, na katikati hapo minara inapotea. Simu inaonyesha "imeshindikana". Karani, kwa haki kabisa, anabonyeza tena. Sasa kilo 142.5 zimeingia mara mbili, na kama malipo yamefungwa kwenye mpimo, zinalipwa mara mbili.

Dawa yake ni ile "namba_ombi" uliyoiona juu. Simu inaitengeneza mara moja, pale karani anapomaliza kupima, na kuihifadhi pamoja na mpimo. Kila jaribio la kutuma mpimo huo linabeba namba ileile. Lango likipokea namba ambayo haijawahi kuiona, linaandika na kujibu 201 (imeandikwa). Likiiona tena, haliandiki kitu. Linarudisha jibu lilelile la kwanza. Na namba ikirudi na uzito tofauti, linakataa kwa 409 (mgongano) na kumwita mtu aangalie. Tumia UUID, namba ya nasibu ya biti 128, ili simu mia zitengeneze namba bila kugongana na bila kuulizana.

Usiishie kwenye msimbo wa programu unaouliza "je, namba hii ipo?" kisha ndiyo uandike. Maombi mawili yanaweza kuuliza kwa wakati mmoja, yote yakajibiwa hapana. Iambie kanzidata yenyewe kuwa safu ya namba_ombi hairuhusu marudio, na ulishike lile ombi la pili kwa kosa lake.

Kwenye simu, kila mpimo uandikwe kwanza ndani ya simu, kwenye SQLite (kanzidata ndogo ya simu), ndipo utumwe. Karani asisubiri mtandao ili aendelee na mtumbwi unaofuata. Skrini ionyeshe wazi alama mbili: "umehifadhiwa kwenye simu" na "umepokelewa ofisini". Msizichanganye hizo mbili, maana mvuvi anaposimama pale anataka kujua kama mzigo wake umefika ofisini kweli.

Kujaribu tena kuna adabu yake. Ukimya, 503 (huduma haipatikani) na makosa mengine ya familia ya 500 yanarudiwa: baada ya sekunde chache, kisha zaidi, kisha zaidi, na kila simu iongeze muda wa nasibu kidogo. Bila huo unasibu, mtandao ukirudi mwalo mzima unatuma kwa pigo moja na lango linalemewa upya. Jibu la 429 linasema punguza kasi, litii. Makosa mengine ya 400 hayarudiwi, kwa sababu ombi lenyewe lina kasoro na litakataliwa hata kesho. Isipokuwa 401, inayotaka mtu aingie upya.

Hatua ya 7: Malipo

Kumtumia mvuvi hela kupitia M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa ni ombi ambalo halijibiwi papo hapo. Unatuma, mtandao unasema "nimepokea ombi", na matokeo yanakuja baadaye kama mrejesho kwenye anwani uliyowapa. Kwa hiyo malipo yawe na hali kadhaa kwenye lango: yameombwa, yametumwa, yamelipwa, yamekataliwa, na ya tano ambayo watu huisahau: haijulikani.

Muda wa kusubiri ukiisha bila jibu, malipo yaingie "haijulikani". Usiyatume upya. Uliza hali ya muamala ule kwa namba yake ya kumbukumbu, na endelea kuuliza hadi upate jibu. Kama mtoa huduma hana njia ya kuulizia, mtu wa fedha aangalie taarifa ya miamala kwa macho. Mvuvi aliyecheleweshewa nusu saa ataelewa akiambiwa. Hela iliyotoka mara mbili kuirudisha ni kesi.

Mrejesho nao unaweza kufika mara mbili, au kufika kabla ya jibu la ombi lako la kwanza. Upokee, hakiki saini yake, uweke kwenye foleni, ujibu haraka kwamba umeupata, kisha ndiyo ufanye kazi. Na kwa kuwa anwani ya mrejesho iko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuituma habari ya uongo kuwa malipo yamekamilika. Kiasi na namba ya muamala vilinganishwe na vilivyoombwa kabla ya kubadili hali.

Hatua ya 8: Nani anaingia, na anaona nini

Mawasiliano yote yapite kwenye HTTPS, na vyeti vijisasishe vyenyewe. Kila simu ipewe tokeni yake, yaani ufunguo wa kidijitali wa kuingilia, ili ikitumbukia ziwani au kuibiwa pale stendi uifute hiyo peke yake. Tokeni ya kazi iwe ya dakika chache, na nyingine ya kuisasisha iwe ya siku kadhaa. Tokeni ikiisha mtu akiwa kisiwani bila mtandao, bado aruhusiwe kupima na kuhifadhi. Atathibitishwa wakati wa kutuma.

Kujua mtu ni nani hakutoshi. Tajiri mwenye namba MZ-00418 akibadilisha namba kwenye ombi kuwa MZ-00419, lango lazima limkatalie kwa 403. Ukaguzi huo ufanyike kwenye lango kwa kila ombi, kwa sababu programu ya simu iko mikononi mwa mtu na anaweza kuifungua.

Majina, namba za NIDA na miamala ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezikusanya au kuzichakata ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Njia rahisi ya kuiheshimu ni kutopeleka kwenye simu kitu ambacho kazi haikihitaji. Dereva wa barafu anahitaji jina la mwalo na kiasi. NIDA ya mvuvi haimhusu.

Wapo pia wenye viswaswadu, na ni wateja kamili. Menyu ya USSD inaweza kupita kwenye lango hilohilo na kuuliza maswali yaleyale ya hatua ya kwanza. Skrini moja ya USSD haizidi herufi 182, kwa hiyo jibu liwe "Mpimo wa jana: kg 142.5. Malipo: yametumwa." Kama maombi yako yametungwa vizuri, hii ni kazi ndogo juu ya ile uliyokwisha kuifanya.

Hatua ya 9: Fungua mwalo mmoja kwanza

Chagua mwalo wenye karani makini na mtandao mbaya. Mtandao mzuri hautakuonyesha kitu. Daftari liendelee sambamba na simu hadi jumla zikubaliane siku baada ya siku bila mtu kurekebisha. Zima data katikati ya kutuma, toa betri, badilisha saa ya simu, bonyeza "Tuma" mara tano mfululizo. Kisha nenda kwenye kanzidata uhesabu mapimo.

Kila ombi likiingia lipewe namba ya ufuatiliaji inayoambatana nalo hadi kwenye stoo na uhasibu. Muuzaji akipiga simu kuuliza "Hela yangu mbona haijaingia?", mtu wa ofisini aandike namba ya mpimo na aone ulipita wapi na umekwama wapi, bila kumwamsha fundi. Jioni, programu ndogo ilinganishe mapimo ya lango, mapokezi ya stoo na maingizo ya uhasibu, na itume tofauti kwa mhasibu na msimamizi wa mialo kwa majina ya mialo.

Hatua ya 10: Matoleo

Mapema au baadaye utataka kubadilisha ombi. Kuongeza taarifa mpya isiyo ya lazima hakusumbui simu za zamani. Kuondoa au kubadili maana ya iliyopo kunazivunja, na hapo ndipo inapohitajika /v2 pembeni ya /v1. Usitegemee kwamba watu watasasisha programu haraka: bando lina bei, simu zimejaa picha, na karani wa Ukara anaweza kukaa na toleo la zamani msimu mzima. Kila simu itaje toleo lake kwenye kila ombi. Yaache matoleo yote mawili yafanye kazi, yakipitia adapta zilezile, na kila wiki angalia kwenye kumbukumbu za lango ni simu zipi bado zinaita /v1. Wakibaki watatu, wapigie, uwatumie bando, wasasishe. Orodha ikikaa tupu kwa mwezi mzima, ndipo uifunge /v1.